Mrejesho: neno la kujiita fundi anayeanza

Wakuu, nimerudi. Ni mimi niliyeuliza niandike neno gani kwenye kibao changu huku Mbagala, maana ndiyo kwanza naanza kushona na sitaki kumdanganya mteja.

Asanteni sana. Aliyenionya kuhusu "limbukeni" kaniokoa. Kumbe ni yule anayepata kitu kwa mara ya kwanza kikamlevya, na mimi nilishanunua rangi! "Chipukizi" niliipenda, ila jirani yangu muuza chipsi akauliza kama nimeingia kwenye chama, maana watoto wa CCM ndio huitwa chipukizi. Basi nikafuata ushauri wa wengi: "Fundi mwanagenzi". Neno sahihi kabisa kwa anayejifunza kazi, lakini mama mmoja alisimama na kitenge chake mkononi, akasoma herufi kwa herufi: "Mwanagenzi ndiyo kabila gani, mwanangu?"

Nikafuta, nikaandika "Fundi anayejifunza". Hapo wanaelewa. Shida ni kwamba wananiletea suruali za kupunguza na zipu za kubadili tu, tena bei wanataka nusu. Magauni wanampelekea fundi wa mbele. Yule mama wa kitenge lakini alirudi juzi, kaniachia foronya mbili.