Je, mashapo ya mwambao wa Ziwa Tanganyika yanaweza kupimwa kutoka angani?

Mwanafunzi wa Ujiji
Shikamooni wakubwa. Ninaandaa andiko la utafiti kuhusu tope ambalo Mto Luiche unalimwaga ziwani, kusini mwa Ujiji. Nimesoma kwamba kwenye bahari ya kina kifupi helikopta huning'iniza koili (nyaya zilizoviringwa) zinazotumia sumakuumeme, na kwa njia hiyo wataalamu hukadiria kina cha maji na aina ya mashapo yaliyo chini yake. Je, njia hiyo itatufaa huku, ambako maji hayana chumvi?

Mpimaji, Tabora
Marahaba. Jibu linaanzia kwenye hiyo chumvi. Koili moja hutoa uga wa sumaku unaobadilikabadilika, uga huo huamsha mikondo ya umeme majini na kwenye mashapo, na mikondo hiyo nayo hutoa uga wake dhaifu, ambao koili ya pili huunasa. Maji ya bahari yana ukinzani, yaani kiasi cha kuzuia umeme usipite, wa takribani om-mita 0.25, kwa hiyo uga wa mizunguko 1,000 kwa sekunde hubakiwa na kama theluthi moja tu ya nguvu yake baada ya mita 8. Anayetaka kufika chini zaidi hulazimika kupunguza mizunguko. Mchanga uliojaa maji hayo hukinza umeme mara tatu au nne kuliko maji yenyewe, tope laini hukinza kidogo kuliko mchanga, na mwamba huzidi vyote.

Maji ya Tanganyika yana ukinzani wa om-mita 15 hivi, na humo uga uleule ungeshuka takribani mita 60 kabla ya kufifia kiasi hicho. Hata hivyo usishangilie mapema, kwa sababu maji yasiyopitisha umeme vizuri hurudisha mwitikio hafifu, na helikopta ikipanda mita chache tu bila kipimo sahihi cha kimo, hesabu yote inaharibika.

Mvuvi mstaafu, Kigoma
Naomba kuongezea jambo moja ambalo naona ndilo zito zaidi. Chembe za mfinyanzi zenyewe hupitisha umeme, hivyo tope la Luiche linaweza kulingana na maji ya ziwa kiasi kwamba mpaka kati yao usionekane kabisa, ilhali mchanga ungeonekana. Bandarini ndiyo usijaribu: nyaya za umeme na meli za chuma, Liemba ikiwamo, zitakupotosha.

Mwanafunzi wa Ujiji
Nashukuru sana. Basi nianze na mtumbwi na kipima kina cha mwangwi?

Mpimaji, Tabora
Ndiyo, na uchote tope pamoja na maji ya pale pale, upime ukinzani wa vyote viwili siku hiyohiyo. Vikikaribiana, gharama ya helikopta haina utetezi. Vikitofautiana sana, rudi hapa tupige hesabu ya kimo na mizunguko.