Tulilipia mafunzo ya kayaki Jinja, wakala wa Dar akaandika sisi ni wazoefu. Rafiki yetu bega limechomoka

Wakuu, nimejizuia wiki tatu nisiandike kwa hasira, lakini hasira haijapungua, kwa hiyo naandika nayo hivyo hivyo.

Tuko marafiki wanne, wote wa hapa Dar. Tangu mwaka jana tulikuwa tunachanga kidogo kidogo twende Jinja, Uganda, tukajifunze kayaki, mtumbwi mwembamba wa mtu mmoja, kwenye maji ya kasi ya Mto Nile, pale unapotoka Ziwa Victoria. Tukampata wakala hapa hapa mjini, ana ofisi na anajitangaza sana mitandaoni. Kila mtu alilipa 1,450,000. Kwa meseji zake mwenyewe, ambazo ninazo zote, hela hiyo ilikuwa ya nauli ya kwenda na kurudi, malazi ya siku tano, siku mbili za mafunzo kwenye maji yaliyotulia, halafu siku mbili za mtoni.

Hizo siku mbili za mafunzo ndizo zilizotufanya tumchague yeye. Sisi kuogelea tunajua, wawili wetu wamekulia Kigamboni. Lakini bahari ya Kigamboni haikufundishi kukaa kichwa chini miguu juu ndani ya mtumbwi uliokubana kiunoni. Kayaki ya mtoni ina kitambaa cha mpira unachokivaa kiunoni, kisha unakifunga kuzunguka tundu la kukalia ili maji yasiingie. Ukipinduka, unainama mbele, unapapasa kamba iliyoko mbele ya kile kitambaa, unaivuta, ndipo unatoka. Mwanafunzi anarudia kitendo hicho kwenye maji ya kimya mpaka mkono uizoee kamba bila kuiona. Sisi hatukukirudia hata mara moja.

Safari yenyewe ya basi siisemi sana. Hatukuambiwa habari ya kadi ya homa ya manjano, mmoja wetu akakwama mpakani Busia kwa muda wa karibu saa nne. Tukavumilia.

Tulipofika Jinja ndipo nikagundua hata picha alizotuuzia ni za uongo. Tangazo lake lina picha ya maporomoko ya Bujagali, watu wanashuka na mitumbwi. Wenyeji walipoiona kwenye simu yangu wakanishangaa. Maporomoko yale yako chini ya maji, yalizamishwa na bwawa la umeme lililozinduliwa mwaka 2012. Likaja na bwawa la Isimba mwaka 2019, likameza mawimbi mengine huko chini. Mto bado una sehemu kali, Itanda ipo na inatisha, lakini mtu anayeuza safari ya mto leo kwa picha ya mahali ambapo hapapo tena, huo mto anaujua kweli?

Asubuhi ya kwanza tukapelekwa moja kwa moja mtoni. Nikauliza mafunzo ni lini. Msindikizaji aliyetumwa na wakala akasema mafunzo ni humo humo, tusiwe waoga. Kiongozi wa mto, kijana wa Kiganda, akauliza kama sote tunajua kujigeuza tukipinduka. Kabla sijafungua mdomo msindikizaji akajibu, "Hao wako sawa." Na mimi nikanyamaza. Hilo linaniuma mpaka sasa.

Wimbi la kwanza lilikuwa la gredi ya 3, yaani ukali wa kati. Rafiki yetu, nitamwita Kinyozi kwa sababu ndiyo kazi yake, alipigwa ubavuni, akanyoosha mkono na kasia juu ya kichwa ili asipinduke. Baadaye tuliambiwa hilo ndilo kosa la kwanza analokatazwa mwanafunzi: viwiko vikae chini, karibu na mbavu, la sivyo maji yanaushika mkono na kulichomoa bega. Ndivyo ilivyokuwa. Akapinduka, mkono mmoja haufanyi kazi, na ile kamba haipati kwa sababu ilikuwa imekunjwa ndani ya kitambaa. Yeye ndiye aliyejivalisha, hakuna aliyemwambia ibaki nje. Kijana wa Kiganda alimfikia, akaugeuza mtumbwi kwa mikono yake. Mungu ambariki yule kijana. Mimi nilikuwa nyuma, niliona tumbo la mtumbwi likielea na mtu yuko chini yake. Sijui zilikuwa sekunde ngapi.

Jioni, baada ya hospitali, kiongozi wa mto akatuonyesha ujumbe aliotumiwa na wakala kutoka Dar: watu wanne, wote wazoefu, mafunzo hayahitajiki. Yaani siku zetu mbili hakuzilipia kabisa. Alizifuta, hela akabaki nayo, akaandika uongo juu ya miili yetu.

Tumerudi, tunamdai. Jibu la kwanza: mlisaini fomu. Ni kweli tulisaini fomu inayosema mto una hatari. Hatukusaini mahali panaposema sisi ni wazoefu. Jibu la pili: ametutoa kwenye grupu na hapokei simu.

Kinyozi hawezi kuinua mkono wa kulia kufikia kichwa cha mteja. Saluni anaishika mdogo wake, kodi ya fremu inadaiwa, na mazoezi ya viungo analipia mwenyewe. Tunachotaka ni hela ya mafunzo ya watu wanne na gharama za bega lake. Malalamiko tumeyaandika na kuyapeleka Tume ya Ushindani, pamoja na nakala za meseji na ule ujumbe wa Jinja.

Najua kuna kundi jingine ameliandaa kuondoka mwisho wa mwezi, tangazo nimeliona jana na picha ni ile ile. Kama umo humu na umeshalipa, pigeni simu Jinja wenyewe kabla ya kupanda basi. Ulizeni mmeandikwa nini.