Tupeane uzoefu: kumfuatilia babu aliyekuwa soda (askari) wa Force Publique, jeshi la koloni la Kongo ya Wabelgiji, na mahali alipozikwa

Wa Kadutu, Bukavu
Jambo ndugu zangu. Wengi wanaanza kwa kutafuta kaburi, na hapo ndipo wanapokwama. Kaburi huja mwisho. Kwanza jua ni vita gani, kikosi gani, na namba yake ya matrikule, yaani namba aliyoandikishwa nayo jeshini.

Majina ya miji yanayotajwa nyumbani yanasaidia sana. Tabora, Kigoma, Mahenge: hiyo ni vita vya kwanza vya dunia, dhidi ya Wajerumani, 1916 na 1917. Asosa, Gambela, Sayo: ni Ethiopia, 1941, kampeni iliyoisha Julai 3 jeshi la Waitalia liliposalimu amri. Nijeria, Misri na Palestina zinafuata. Burma walifika wachache, hasa wale wa hospitali ya vita iliyofanya kazi pamoja na Waingereza.

Wazee msiwaulize tu "babu alipigana wapi". Ulizeni mzungu wake wenyeji walimpa jina gani la utani, kwa maana jina hilo linaweza kumtambulisha ofisa, na ofisa anatupa kikosi. Ulizeni pia bibi alitoka wapi. Basoda waliishi na wake zao kambini, kwa hiyo kijiji cha bibi huweza kuonyesha kambi ilikuwa wapi.

Wa Kamalondo, Lubumbashi
Asante mzee. Upande wetu wa Katanga kuna jambo la pekee: kikosi cha huku kilivuka mpaka mapema kuwasaidia Waingereza karibu na Abercorn, ambayo leo ni Mbala ya Zambia, na kilikuwako kwenye mapigano ya Saisi mwaka 1915. Tabora haihusiki hapo.

Kama medali imebaki, itazameni ukingoni. Medali za Wabelgiji zilitolewa bila jina. Ile ya Waingereza ya vita vya kwanza imechongwa namba, jina na kikosi kwenye ukingo wake. Ya shaba ilipewa hasa vikosi vya kazi. Ukikuta maandishi hayo, babu alihudumu kwa Waingereza, na wewe utatafuta upande wao.

Hapo ndipo wengi wanapoteza muda. Orodha ya Commonwealth War Graves Commission, tume ya makaburi ya vita, ni ya jeshi la Uingereza na makoloni yake. Soda wa Force Publique usimtegemee humo. Hata kwa wapagazi wa Waingereza orodha ina mapengo makubwa: ripoti ya tume hiyo yenyewe, ya 2021, ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, pengine hadi 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Jina kukosekana humo si ushahidi kwamba hakwenda vitani.

Wa Birere, Goma
Ukishapata regimenti, ramani inakusaidia. Mwaka 1916 brigedi ya Kaskazini, chini ya Molitor, ilikuwa na regimenti ya 3 na ya 4. Ilifika Kigali Mei 6, kisha ikashuka kusini ya Ziwa Victoria. Ya Kusini, chini ya Olsen, ilikuwa na ya 1 na ya 2. Ilipita Usumbura (leo Bujumbura), ikachukua Kigoma Julai 28. Zote mbili zilielekea Tabora, iliyoanguka Septemba 19. Linganisha tarehe ya kifo na njia hiyo, utajua ni eneo gani la kuuliza. Aliyekufa katikati ya Septemba, chunguza kwanza Itaga na Lulanguru, karibu na Tabora.

Aliyekufa kabla ya Aprili 1916 huenda hakuvuka mpaka. Kibati, hapa kaskazini ya mji wetu, palikuwa ngome ya Wabelgiji wakiangaliana na Wajerumani wa Kisenyi. Lakini lava ya 1977, 2002 na 2021 imepita upande huo wa volkano ya Nyiragongo. Msitegemee kukuta alama.

Mama wa Ibanda, Bukavu
Kuhusu barua: nyaraka za koloni ziko kwenye Hifadhi ya Taifa ya Ubelgiji, Brussels, jengo la Joseph Cuvelier. Andikeni kwa Kifaransa, ukurasa mmoja. Ombeni daftari za matrikule za Force Publique. Tieni jina la babu, la baba yake na la mama yake, kijiji, sheferi (eneo la chifu) na teritware (wilaya) kwa majina ya wakati ule: Élisabethville (Lubumbashi), Albertville (Kalemie), Costermansville (Bukavu). Ambatanisheni karatasi ya kuonyesha ukoo.

Jina liandikeni kwa namna tatu au nne. Karani aliandika alivyosikia: "u" ikawa "ou" au "oe", na "k" ikawa "c". Wengine waliandikwa jina moja tu, tena la utani. Na ukoo uliobadilisha majina mwaka 1972, wakati wa Mobutu, usitumie jina la sasa.

Mpagazi ni kazi ngumu zaidi. Walikuwa zaidi ya 200,000, na wengi hawakupewa matrikule. Fuateni vitabu vya ubatizo na vifo vya misioni, kwa mwaka na kwa sheferi. Wengi waliuawa na kuhara na kichomi, si risasi, kwa hiyo waulizieni kando ya njia walizobebea mizigo, si kwenye uwanja wa mapigano tu.

Wa Kadutu, Bukavu
Asante sana mama. Jibu likija "hakuna kitu", msiache hapo. Ulizeni ni daftari zipi zilizotazamwa na za miaka ipi, kisha tumeni tena kwa tahajia nyingine, mkitaja namba ya barua yao ya kwanza.