Mama mkwe Mjerumani kakuta mkuki wa Songea darini kwao, analia anataka nimsamehe. Nifanyeje?

binti_mfaranyaki

Habari zenu wakuu, wakubwa shikamooni. Uzi mrefu kidogo nivumilieni, hii kitu imenikaa kifuani wiki ya pili sasa na huku niliko sina wa kumwambia akanielewa.

Mimi Mngoni, nimezaliwa Songea mjini, niko Ujerumani mwaka wa sita nimeolewa huku, kamji kadogo cha kaskazini hata nikikataja hamtakajua. Mama mkwe ana miaka 71, mwalimu mstaafu, mama mzuri kwakweli, hajawahi kuninyanyasa hata siku moja, hadi ugali anasonga (unatoka kama uji ila tunakula). Sasa wanauza nyumba ya wazazi wake, tukaenda kusaidia kutoa vitu, mume wangu akashusha sanduku la bati kutoka darini. Ndani mkuki, mpini umekatwa ili uenee, kigoda cha miguu mitatu, albamu ya picha na madaftari mawili yameandikwa wino. Kumbe babu yake mama mkwe alikuwa mwanajeshi huko kwetu enzi za koloni. Familia nzima walichokuwa wanajua ni "babu alikuwa Afrika", basi, kama vile alienda fungate.

Nikafungua albamu. Nyumba, punda, wazungu wamekaa mezani na chupa, halafu kuna wanaume kama kumi wamefungwa mnyororo mmoja shingoni, nyuma ya picha penseli imeandika Songea 1906. Wa tatu kutoka kushoto haangalii kamera, anaangalia miguu yake, na masikio yale ni ya baba yangu mdogo kabisa, najua masikio hayathibitishi undugu lakini mwili ulisisimka.

Mama mkwe alipoona picha akaanza kulia, kulia kweli ile ya kutetemeka, akanishika mikono nisamehe mwanangu, nisamehe kwa tuliyowafanyia. Na mimi nikajikuta namwambia pole mama, usilie, si wewe, nikaenda jikoni nikamchemshia chai. Usiku ndio nikashtuka. Yaani waliofungwa mnyororo ni babu zangu halafu aliyebembelezwa ni yeye??

Kesho yake kaufunga mkuki kwenye taulo kaniletea, "huu ni wenu chukua". Anataka pia kutuma hela "kijijini kwetu", kijiji gani mama mimi nimekulia nyuma ya gereji. Kaka yake ndio kabisa, kapigiwa simu kasema hayo mambo ya kale, kwanza tuliwajengea reli na shule.

Maswali yangu mawili: mkuki nipokee? Na huo msamaha nautoa mimi kama nani? Sitaki kumuumiza ila sitaki pia kugeuzwa paroko wa familia ya watu, kila wakikumbuka dhambi za babu yao waje kwangu kuungama.

bwashee_kkoo

Dada acha kuchezea fursa. Hela mwambie atume, kijiji kitapatikana tu, mimi mwenyewe naweza kuwa kijiji. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu euro.

binti_mfaranyaki

Bwashee umenichekesha nikiwa kwenye basi watu wananiangalia

mwl_wa_zamani_ruvuma

Marahaba binti. Nimefundisha historia miaka mingi huko huko kwenu, acha niandike kidogo ndipo nishauri.

Songea 1906 si tarehe ya hivi hivi. Vita vya Maji Maji vilianzia Umatumbi Julai 1905 watu wakang'oa pamba waliyolazimishwa kulima, vikashuka kusini hadi Ungoni. Tarehe 27 Februari 1906 walinyongwa pale Songea viongozi wetu wengi kwa siku moja, akiwemo Nkosi (mfalme) Mputa Gama, na Nduna (jemadari) Songea Mbano ambaye mji umechukua jina lake naye akanyongwa, wazee wanasimulia Wajerumani walitaka kumwacha hai akakataa kubaki peke yake wenzake wakiwa wamekufa. Kichwa chake inasemekana kilipelekwa Ujerumani na mpaka leo ninapoandika hatujakizika. Kwa hiyo hao wa mnyororo kwenye picha yako, kwa mwaka huo na mahali hapo, unaweza kukisia walikuwa wanapelekwa wapi.

Halafu watu wengi waliokufa hawakufa kwa risasi. Jeshi lilichoma maghala na mashamba kwa makusudi, kuna afisa aliandika waziwazi kwamba njaa peke yake ndiyo itakayowatiisha. Makadirio ya waliokufa yanaanzia 75,000 yanafika hadi 300,000, upana huo wenyewe unakuonyesha hakuna aliyehangaika kuhesabu.

Sasa ushauri. Rais wao Steinmeier alikuja Songea tarehe 1 Novemba 2023 akasimama pale makumbusho ya Maji Maji mbele ya wajukuu wa Mbano akaomba msamaha, akasema atayabeba aliyoyasikia ayapeleke nyumbani ili Wajerumani wengi zaidi wayajue, na kwamba watasaidia kukitafuta hicho kichwa. Mama mkwe wako ni mmoja wa hao waliokuwa hawayajui. Ana madaftari mawili mkononi. Mwambie ayasome! Mwandiko wa Kijerumani wa zamani wengi wao wa leo hawauwezi, ila mtu wa umri wake pengine alifundishwa na mama yake. Akae ayasome ukurasa kwa ukurasa ayachape. Hiyo kazi wewe huwezi, mimi siwezi, makumbusho ya Songea hayawezi kwa urahisi, anaiweza yeye. Kulia kila mtu anaweza.

Mkuki usipokee kama zawadi. Anayerudisha kitu hatoi zawadi, na wewe si ukoo wa Mbano wala Gama peke yako. Msiuoshe msiupake mafuta, upigwe picha na kila kilichokuwa sandukuni, barua aandike YEYE kwa jina lake na jina la babu yake kwenda Makumbusho ya Taifa, hayo ya Songea yako chini yao. Wao watasema utaratibu.

Na kwa huyo mjomba wa mumeo, mwulize reli ya Songea iko wapi tukapande. Reli walijenga Tanga na ile ya kati iliyofika Kigoma 1914, kwa kodi ya kibanda na jasho la watu. Songea mpaka leo tunapanda basi.

mndendeule_halisi

Mwalimu shikamoo. Umeandika vizuri ila tuseme na upande wa pili, Wangoni nao walikuja kutoka kusini huko na mikuki hiyo hiyo wakatukuta sisi Wandendeule tumetulia zetu, wakatufanya watumwa. Sijaona Mngoni akiniletea mkuki kwenye taulo. Na askari wa Mjerumani walikuwa nani? Wasudani, Wamanyema, Wanyamwezi, weusi wenzetu. Sasa huyo bibi wa watu wa miaka 71 analizwa kwa lipi hasa, hakumfunga mtu mnyororo

bwashee_kkoo

Utani wa huko ni wa kutoana roho

mwl_wa_zamani_ruvuma

Mtani wangu hilo la Wandendeule ni kweli na tulizungumze, tena tulizungumze sisi na sisi, nikija Namtumbo utanidai. Lakini angalia unaliweka wapi. Ukiliweka mbele ya huyo mama Mjerumani atapumua, atasema kumbe wote tuko sawa, atafunga sanduku alirudishe darini. Na hakuna aliyesema alimfunga mtu. Tunasema sanduku limekuwa darini kwao zaidi ya miaka 100 na nyumba wanaiuza sasa hivi.

mama_wa_wedding

Mdogo wangu pole sana, hiyo chai uliyomchemshia nimeichemsha mimi miaka 19 hapa Berlin.

Nitakuambia yangu. Kazini kwangu zamani, jina naliacha, walianzisha semina za kuwafundisha wazungu kuachana na mawazo ya kikoloni, wazo zuri tu, kila mwezi wanakaa duara wanasema wanavyojisikia. Mimi nikawa mweusi wa zamu. Mmoja akilia wote wananigeukia mimi kuona nimeridhika au la. Mwaka mzima wamelia, ratiba ya zamu za wikiendi haijabadilika, sisi watatu weusi ndio tunaingia kila Jumapili. Siku nilipouliza habari ya ratiba duara likakaa kimyaaa, mmoja akaniambia hapa ni mahali pa hisia. Nikaacha kwenda.

Sasa linganisha na hii. Mimi nakaa Wedding, hapa hapa Berlin, kule kwenye mitaa ya majina ya Kiafrika. Kulikuwa na mtaa wa Petersallee, ndio huyo Carl Peters, Mkono wa Damu, aliyemnyonga mtumishi wake na binti aliyekuwa hawara yake kule Kilimanjaro mpaka serikali yao wenyewe ikamfukuza kazi 1897. Nazi ndio walikuja kumtukuza tena. Watu weusi wa hapa na wazungu wachache wamedai miaka na miaka ubadilishwe, wakazi wengine wakapinga mpaka kisheria, hoja mojawapo ati usumbufu wa kubadilisha anwani! Agosti 2024 ndio vibao vikashuka, kipande kimoja sasa kinaitwa Maji-Maji-Allee kingine Anna-Mungunda-Allee, jina la mwanamke shujaa wa Namibia. Na kule Neukölln, upande mwingine wa Berlin, mtaa wa Wissmann, gavana wao wa enzi za koloni, tangu 2021 ni mtaa wa Lucy Lameck, mwanasiasa wetu. Nilichojifunza, wale wazungu waliokuwa na faida kwenye ile kazi hawakuwahi kuniomba msamaha hata mmoja. Walikuwa wanaenda kwenye mikutano ya wakazi kugombana na majirani zao, wazungu wenzao, mimi niko nyumbani nimelala.

Kwa hiyo mama mkwe asikuulize wewe umsamehe. Amwite kaka yake. Hiyo simu ya "tuliwajengea shule" ilipokelewa na nani, aliyemjibu nani? (Neno shule lenyewe lao, na hela pia, hiyo nakubali walituachia, hela yenyewe ndio hawakuacha.)

Na wewe una haki ya kusema mama leo siwezi kuzungumza haya, nimechoka. Si utovu wa adabu.

kijana_lizaboni

mimi sina mengi, babu yetu mmoja alinyongwa siku hiyo hiyo ya Februari na kila mwaka tunaenda pale kwenye kaburi la pamoja. dada hiyo picha naomba isipostiwe popote. ipelekwe makumbusho kwanza wazee waione. hatutaki tena babu zetu waonwe na kila mtu wakiwa shingoni na chuma

binti_mfaranyaki

Kaka umesema jambo ambalo sikulifikiria kabisa, nilikuwa nimeipiga na simu nataka kuiweka hapa. Nimefuta. Asante na poleni.

binti_mfaranyaki

Wakuu nimerudi na mrejesho, imepita kama wiki tatu.

Nilimwambia mama mkwe, kwa Kijerumani changu cha kuungaunga, mama mkuki siupokei, na kusamehe kwa niaba ya Wangoni sijatumwa. Alinyamaza muda mrefu mpaka nikajuta. Akasema kwa hiyo nifanye nini, nikamwonyesha madaftari, akajibu tangu mama yake afe hajausoma ule mwandiko. Alikwenda zake chumbani, nikajua nimeharibu ndoa.

Jumapili akatuita. Kavaa miwani mbili, moja juu ya nyingine, daftari limefunguliwa, pembeni kompyuta ndogo anachapa. Chai alikuwa kachemsha yeye. Kaka yake naye alikuwepo, kaitwa kwa nguvu, kakaa karibu na mlango na koti lake. Mama akaanza kusoma kwa sauti. Mwanzoni ni mvua, wapagazi, jino linauma, mvua tena. Halafu wamefika mahali wamechoma maghala, idadi ya maghala kaiandika vizuri kabisa kama mtu wa stoo. Mjomba akasema ilikuwa vita, mama akamwambia nyamaza nasoma, akaendelea. Mjomba alikaa mpaka mwisho, hakuvua koti, akaondoka bila kuaga. Mume wangu ndio kashika upande wa picha, anaziandikia namba, barua ya makumbusho tumeituma Jumatano kwa jina la mama na la babu yake kama mwalimu alivyosema. Hela sijui, hatujaizungumzia tena. Nina hasira bado na sijui ya nani, siku nyingine nasikia sauti yake anasoma nakimbilia kufua nguo zilizo safi.

Ila kuna kitu juzi. Alikwama kwenye neno, akalirudia mara tatu akaniambia hili si Kijerumani, labda ni jina la kijiji chenu, limeandikwa hivi: hamsa ischirini. Nikamwambia mama hicho si kijiji. Hamsa ni tano kwa kale, ishirini ni ishirini, ni viboko 25, ndio ilikuwa adhabu yao mpaka watu wakawaita hivyo. Akaniangalia. Hakulia. Akachukua penseli akaandika pembeni 25 kwa mkono mdogo, akauliza niendelee? nikasema endelea.

Tumefika ukurasa wa 31, neno hilo limetokea mara nne. Daftari la pili bado hatujalifungua.