Tuliosoma chuo pamoja, sasa wastaafu: habari ziwafikieje wote, hata wenye vitochi?

Katibu wa Darasa
Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari zenu. Nauliza kwa niaba ya tuliomaliza Chuo cha Ualimu Butimba, Mwanza, mwaka 1985. Tunaojulikana tulipo ni 64, karibu wote wastaafu, tumetawanyika Kagera, Mara, Shinyanga, Dodoma na Dar. Kundi la WhatsApp lipo, ila tangazo la msiba linazama chini ya picha za "asubuhi njema" na video za kusambazwa, mtu anakuja kulisoma watu wameshazika. Wenzetu 22 wana vitochi tu, simu ndogo zisizo na WhatsApp. Wengine walibadili laini wakapotea. Tujipange vipi?

Fundi Simu
Mwalimu, fanyeni makundi mawili. La kwanza liwe la Taarifa: gusa jina la kundi pale juu, ingia kwenye ruhusa za kundi, zima ruhusa ya wanachama kutuma ujumbe. Watakaoandika ni ma-admini tu. La pili liwe la Soga, na picha za asubuhi zihamie huko. Msizipige marufuku, kwa mtu anayeishi peke yake, salamu ile ndiyo inayowaambia wenzake kwamba ameamka salama. Kila mmoja anyamazishe mlio wa Soga, wa Taarifa auache.

Ma-admini wawe watatu, wa mikoa tofauti. Akiwa mmoja akafariki au simu ikaibwa, hakuna wa kuandika tangazo wala kutoa mtu. Akaunti iliyolala WhatsApp huifuta kwa kawaida baada ya siku 120, na muda wote huo kundi limekwama.

Wanaopotea kwa laini mpya hukosea sehemu moja: wanafungua akaunti upya. Njia sahihi ni kuingia Mipangilio, kisha Akaunti, kisha kubadili namba. Unaandika namba ya zamani na mpya. Makundi yote yanabaki, na wanakundi wanaona taarifa kwamba umebadili. Ifanyike mapema, kwa sababu laini isiyotumika hatimaye kampuni humpa mtu mwingine.

Na kwa wanaolalamika "simu imejaa": Mipangilio, hifadhi na data, ondoa alama kwenye picha, sauti na video zinazojipakua zenyewe. Bando nalo litapumua.

Bibi Rejesta
Hao 22 ndio wa kuanza nao. Wagawe kwa wilaya, kila mwenye simujanja abebe wawili, asizidi watatu. Apige simu kwanza, SMS ifuate. Kitochi kikijaa meseji hakipokei mpya, na mwenyewe hajui. Wa mwisho kwenye mnyororo huo wa simu ampigie katibu. Asiposikika mpaka jioni, katibu anajua umekatika.

SMS moja ni herufi 160, nafasi zikihesabiwa. Ukiweka kikatuni kimoja tu inashuka hadi 70, ujumbe unakatwa vipande na unalipia kila kipande. Andika hivi: "MSIBA: Mwl (jina) wa Mkondo B amefiwa na mumewe. Mazishi Jumamosi saa 8 mchana, Kibara, Bunda. Msemaji wa familia: (jina, namba)."

Muwe na daftari la karatasi, nakala kwa watu wawili. Liwe na jina la chuoni na la sasa (kina mama wengi walibadili baada ya ndoa, ndiyo maana hawapatikani), jina la utani, kijiji, na namba ya mtoto au jirani. Hiyo ya mwisho msiiache. Mwenzenu akiugua sana, simu inabaki mfukoni mwa koti na hakuna wa kuwaambia.

Habari ya ugonjwa isitoke bila ruhusa ya mgonjwa au familia, na picha ya mtu kitandani isiwekwe kabisa.

Katibu wa Darasa
Nashukuru sana, Bibi. Na rambirambi? Juzi imetumwa namba ya kuchangia, kumbe akaunti ya mwenzetu ilikuwa mikononi mwa matapeli.

Mhazini Mstaafu
Hapo tapeli alipewa zile tarakimu sita za kufungulia WhatsApp zinazokuja kwa SMS. Tarakimu hizo hazitolewi kwa yeyote, hata anayejitambulisha kama mwenzenu. Kila mmoja aweke uthibitisho wa hatua mbili kwenye Akaunti, na namba yake ya siri aiandike nyumbani. Wastaafu wengi huisahau.

Namba ya mchango itangazwe kwenye Taarifa tu, baada ya katibu kumpigia msemaji wa familia na kusikia sauti yake. Unapotuma pesa kwa simu, jina la mpokeaji huonekana kabla ya kuweka namba ya siri. Lisipofanana na lililotangazwa, sitisha. Tumeni na ya kutolea, familia isikatwe. Mhazini aweke orodha ya waliochanga baada ya mazishi. Kuitoa kila saa kunawaaibisha wenye pensheni ndogo, mwisho wanajitoa kundini.

Kuhusu habari za mafao na uhakiki zinazosambazwa: mifuko ya pensheni ya PSPF, PPF, LAPF na GEPF iliunganishwa kuwa mmoja, PSSSF, mwaka 2018. Ujumbe unaowaita "wanachama wa PSPF" mkahakiki wiki hii ni wa zamani au wa uongo. Admini aufute, aulize ofisi ya PSSSF ya mkoa, ndipo aandike jibu kwenye Taarifa.