DVD za harusi kwenye Linux: VLC, HandBrake, MakeMKV au ffmpeg?

mwana_makorora: Habari za jioni wakuu. Nipo Tanga mjini, nina boksi la DVD za nyumbani, harusi za dada zangu, maulidi ya mtaani, na moja ambayo marehemu babu anasimulia maisha ya mashamba ya mkonge, zote zilibaniwa na wapiga video wa hapa hapa kati ya 2005 na 2011. Deki ilishakufa, kompyuta yangu ni Linux Mint na drivu ya DVD ya kuchomeka USB. Nataka kuziangalia halafu nizihamishie kwenye faili, ubora usishuke, na mama aweze kuangalia kwenye TV kwa flashi. Naona watu wanataja VLC, HandBrake, MakeMKV na ffmpeg, aliyetumia zaidi ya moja anipe tofauti. Natanguliza shukrani.

FundiNgamiani: Kuangalia usihangaike mkuu, VLC inatosha, ingia Media halafu Open Disc basi. Watu watakwambia uweke na libdvdcss, hiyo ni ya filamu za dukani zenye kufuli la CSS, DVD ya harusi iliyobaniwa mtaani haina kufuli. Picha ikigoma weka mint-meta-codecs, kile kifurushi cha Mint cha kufungulia video na sauti. Kukonveti nako VLC inaweza ila sikushauri, sauti inaweza kuachana na picha na mipangilio yake inasumbua. Kwa kazi hiyo nenda HandBrake, ya bure, inatoa MP4 na inabeba na vipande vya DVD kama vilivyokatwa.

BintiChumbageni: Kabla hamjabishania programu jamani, okoeni diski kwanza. Hizi za kubani zinashika data kwenye rangi, na ile rangi inachakaa kwa joto na mwanga, joto la Tanga tunalijua wenyewe. Kila ukiisomesha upya kwa programu nyingine unaichosha drivu na diski yenye mikwaruzo inazidi kuganda. Ifute kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda ukingoni, usizungushe, halafu weka kifurushi cha gddrescue na kwenye terminal uvute diski nzima iwe ISO, yaani faili moja ambalo ni nakala kamili ya diski:

`ddrescue -n -b 2048 /dev/sr0 babu.iso babu.map`
`ddrescue -d -r3 -b 2048 /dev/sr0 babu.iso babu.map`

Ya kwanza inachukua panaposomeka kirahisi, ya pili inarudia palipogoma. Hilo faili la map usilifute, ndo linakumbuka ilipofikia, hata umeme ukikatika katikati unaendelea pale pale, na ukiazima drivu ya jirani unarusha amri ile ile maana drivu moja inaweza kusoma panapoishinda nyingine. DVD ya kawaida ni GB 4.7 kwa hiyo andaa nafasi kwenye eksitenali. Ukishapata ISO, VLC, HandBrake na MakeMKV zote zinaifungua.

pwani_raskazone: Naunga mkono hiyo ya ISO. Ila HandBrake inabana picha upya, kwa hiyo kuna kitu kinapotea hata kama jicho halioni. Mkuu umesema ubora usishuke, basi MakeMKV, yenyewe inatoa video ya MPEG-2 (ndiyo aina ya video ya kwenye DVD) ilivyo na kuiweka kwenye faili la MKV bila kugusa chochote. Angalizo moja, ikikutwa hivi hivi inaruka vipande vilivyo chini ya sekunde 120, ingia kwenye mipangilio upunguze, la sivyo ile klipu fupi ya bibi harusi anatoka ndani huipati.

ffmpeg, ambayo ni ya kuandika amri kwenye terminal, inafanya kazi hiyo hiyo. Fungua ISO, ingia folda ya VIDEO_TS, utakuta VTS_01_1.VOB, VTS_01_2.VOB na kuendelea, ile ya sifuri ni menyu iache:

`cat VTS_01_[1-9].VOB > harusi.mpg`
`ffmpeg -fflags +genpts -i harusi.mpg -map 0:v -map 0:a -c copy harusi.mkv`

Ukiona na VTS_02 ujue kuna sehemu nyingine, nayo ifanye kivyake.

FundiNgamiani: Sawa kaka, ila hiyo MKV ya MPEG-2 mpe mama uone, TV nyingine haiifungui, na sauti ya AC3 simu nyingi zinakaa kimya. Kingine, video za zamani za PAL (mfumo wa TV wa huku kwetu) zina mistari kama meno ya kitana mtu akikatika au akirusha mkono, kwenye TV za chogo haikuonekana ila kwenye skrini za sasa inakera sana. HandBrake nenda Filters, kwenye Deinterlace chagua Yadif na Bob, fremu zinakuwa 50 kwa sekunde na ngoma inateleza vizuri. Kodeki (namna ya kubana video) weka H.264, RF (kipimo cha ubora, namba ndogo ndo picha bora) kati ya 18 na 20, sauti AAC. H.265 inabana zaidi lakini TV za zamani zitakugomea.

mwana_makorora: Nimewaelewa sana. Kwa hiyo ISO inakaa kwenye eksitenali mbili, HandBrake natoa nakala za mama na za ndugu wa Muheza. MakeMKV niiache?

pwani_raskazone: Ukishakuwa na ISO iache tu, siku ukiitaka unaitoa humo humo. Ya babu ndo uanze nayo usiku huu huu, hiyo hairekodiwi tena.

mama_Pongwe: Samahani wanangu naomba kudandia, mimi nina vile vidogo vya kamera, sentimita 8, nikiweka kwenye laptopu inasema diski tupu na kwenye kamera vinaonekana.

BintiChumbageni: Shikamoo mama. Hizo hazikufungwa baada ya kurekodiwa. Iwashe kamera ikiwa kwenye chaja, weka diski, tafuta kwenye menyu neno Finalize, ubonyeze usubiri mpaka imalize bila kuitikisa. Baada ya hapo laptopu itaisoma, ila iwe drivu ya trei, zile za kumeza diski usiziguse na hizo ndogo. Kamera usimpe mtu kabla hujamaliza diski zote.

mama_Pongwe: Marahaba mwanangu, kamera ipo na chaja yake, naanza na ya ubatizo.