Wakuu, uduvi wa ziwani wanaweza kukaa na kamba wekundu wa urembo?

Nyegezi Kona
Habari za jioni wakuu. Naomba ushauri wa haraka, kejeli tuwekeane akiba. Nina tangi la kioo la lita 60, ndani kulikuwa na kamba wadogo wekundu 40, wale wa urembo. Tangu Jumatatu kila nikiamka nakuta watatu wanne wamelala chini. Swali langu ni hili tu: uduvi wetu wa hapa ziwani wanaweza kukaa nao tangi moja? Na wakikaa muda mrefu, rangi yao inaweza kubadilika? Nataka kujua tu.

Siti ya Mbele
Nimekaa. Ngoja waje wajuzi.

Mama Chotara
Uduvi mimi nanunua Mwaloni Kirumba, nachanganya na pumba, kuku wanakula. Kumbe kuna watu wanawawashia taa na kuwapandia majani! Mwanangu, ukitaka mfugo wa maana njoo Buhongwa nikuuzie vifaranga. Mwaka juzi nilianza na kumi na mbili, kicheche akala watano, lakini leo nasomesha.

Fundi Vioo
Mkuu, kamba wanakufa halafu unauliza rangi? Nikujibu kwanza: hao wekundu asili yao ni Taiwan na mashariki ya China, na porini wana kahawia hafifu tu. Wekundu huo umetokana na watu kuchagua wazazi, kizazi baada ya kizazi. Uduvi wa Victoria ni jamii nyingine. Watakaa pamoja bila ugomvi, ila hawatazaana na hatabadilika rangi mtu. Sasa na wewe nijibu: maji ya wapi, ulibadilisha lini, na humo ndani kumepulizwa nini?

Mzee wa Karabai
Uduvi ukimwona mwekundu ujue ameiva.

Nyegezi Kona
Maji ni ya bomba. Nilibadilisha Jumapili, tena sio yote, ndoo mbili na nusu tu. Hakuna kilichopulizwa. Turudi kwenye uduvi.

Fundi Vioo
Ndoo mbili na nusu za lita 20 ni lita 50. Tangi ni la lita 60. Mkuu! Na hayo ya bomba uliyaacha yakalala wazi ili klorini itoke, au yalitoka bombani yakaingia moja kwa moja? Halafu mtu hakurupuki kubadilisha maji kiasi hicho bila sababu. Sema.

Nyegezi Kona
Sawa. Jumamosi usiku mbu walizidi, nikapuliza dawa. Lakini nilipuliza kona ya pili ya sebule, na tangi nililifunika kwa kanga. Kopo limeandikwa ni salama. Asubuhi nikakuta baadhi wanazunguka kama wamelewa, wengine chali, miguu inacheza. Ndipo nikabadilisha maji. Mtu yeyote angefanya hivyo.

Fundi Vioo
Tangi umelifunika, pampu ya hewa je? Pampu inakaa nje, inavuta hewa ya hapo sebuleni na kuipeleka majini, kiputo kwa kiputo, usiku kucha. Dawa nyingi za mbu zina pairethroidi, sumu ya kuua wadudu. Kamba ni ndugu wa wadudu, kiasi ambacho wewe hukihisi kinamlaza yeye. Halafu ukamwongezea na klorini.

Fanya hivi. Fungua madirisha, pampu ihamie chumba kisichopulizwa, urefushe mpira wake. Tia kaboni kwenye kichujio. Badilisha lita sita kwa siku, maji yaliyolala wazi tangu jana yake, uyamimine polepole kwa kikombe. Chakula acha kwanza.

Na nieleze, hao uliowaokota chini walikuwaje? Kamba akishtuliwa na maji mapya mara nyingi hujivua gamba, na gamba lake lina kila kitu, ndevu hadi vidole. Gamba tupu linapitisha mwanga. Mzoga unakuwa wa pinki na mzito, kama wa kuchemsha.

Nyegezi Kona
Aisee. Kuna waliokuwa kama nailoni. Niliwashika wakajikunja kwenye kidole, ndani hamna kitu. Nimeshatupa 17 kwa ujumla.

Bwana Nidhamu
Vijana wa siku hizi mnapoteza pesa kwa vitu visivyoliwa. Sisi tulikuwa na mbuzi.

Fundi Vioo
Una haraka ya nini lakini? Wape wiki mbili tatu watulie. Tena majike wakitulia wanabeba mayai chini ya mkia, na baada ya mwezi hivi unaona vitoto.

Nyegezi Kona
Sina wiki tatu. Nina mpaka Jumapili.

Tangi si langu. Ni la baba mkwe mtarajiwa, yuko Isamilo. Kaenda Bukoba kwa meli msibani, akaniachia funguo mimi, akamwacha hata mwanawe wa kumzaa. Barua ya posa ilishapokelewa. Sikusema mwanzo kwa sababu hata mngejua, ushauri ni uleule.

Na uduvi nimeshawaweka. Ishirini, juzi. Msinijie juu, ni mpaka wale wengine wazaliane.

Siti ya Mbele
😂😂😂 Umepeleka uduvi kujaza akidi!

Ngosha wa Magu
Hapo hesabu ni rahisi, kamba mmoja ng'ombe mmoja. Anza kuongea na wajomba.

Mzee wa Karabai
Hii ni chai. Nimevua dagaa Igombe miaka kumi na miwili. Uduvi akipanda na wavu anakufa kabla mtumbwi haujageuka. Huyu kawafikishaje hai Isamilo? Na mwezi uliopita ni huyuhuyu aliyeleta uzi wa kasuku wa bosi wake.

Bwana Nidhamu
Kweli! Kasuku aliyejifunza matusi. Mods fungeni.

Nyegezi Kona
Kasuku ni kweli na nilifukuzwa kazi. Na uduvi sikuwatoa kwenye wavu. Nilivua viatu nikaingia chini ya magugu maji, nikachota kwa chujio la chai, nikawaweka kwenye ndoo na mizizi yake. Boda alinigombeza njia nzima, maji yalimlowesha mgongo.

Mzee wa Karabai
Chujio la CHAI. Kajitaja mwenyewe.

Fundi Vioo
Mzee, kwenye mizizi ya magugu wapo, na ndani ya ndoo wanafika. Mimi namwamini. Ila mkuu, mizizi hiyo uitoe leo. Hukaa humo watoto wa kereng'ende, na hao hula kamba mmoja mmoja usiku.

Nesi Mstaafu
Na yeye mwenyewe akapime choo. Kwenye magugu hayo kuna konokono wanaobeba kichocho, na ameingia miguu mitupu. Hilo ndilo mngeanza nalo.

Nyegezi Kona
Asante mama, nitapima. Nilikuwa na wazo jingine, niwamwage wekundu wote ziwani pale Kamanga, niseme waliibwa na tangi likabaki.

Fundi Vioo
Usithubutu. Sangara aliletwa ziwani humu kwa ndoo miaka ya 1950, muulize furu, samaki wadogo wa hapa aliowala karibu kuwamaliza. Magugu unayoyachotea uduvi nayo yalikuja Afrika kama ua la bwawani. Mwambie mzee ukweli.

Mama Chotara
Au umpelekee jogoo kwanza, akishaanza kula ndio umwambie. Nina mmoja wa kilo tatu.

Nyegezi Kona
Mrejesho. Jana usiku niliwahesabu kwa tochi: wekundu 31. Kwa hiyo katika wale 17, wanane yalikuwa magamba. Uduvi hakufa hata mmoja, na jike mmoja ana mayai.

Baba kafika saa saba. Hajanywa hata maji. Kaomba kiti, kavaa miwani, kakaa mbele ya tangi. Anahesabu kwa kidole juu ya kioo. Mimi nipo jikoni naandika.

Amepita arobaini. Bado anaendelea.